Hadithi Zilizofutika kwenye Kompyuta

Wakati wa likizo Coleta alikwenda kazini na mama yake kila asubuhi. Alifagia chumba, akafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa kitambaa kikavu, kisha akatoa benchi nje na kuliweka ukutani kwa ajili ya wateja. Mwezi wa Juni Sumbawanga huwa na baridi na upepo mwingi, kwa hiyo alifanya kazi hizo akiwa amevaa sweta lake la shule ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alikuwa darasa la sita.

Chumba hicho kilikuwa Katandala, kando ya barabara, jirani na chumba cha Mama Sayi, fundi cherehani. Ukutani yaliandikwa maneno ya rangi ya bluu: TUNACHAPA BARUA, KADI NA MITIHANI. FOTOKOPI ZIPO. Mama yake Coleta, aliyeitwa Cornelia, alinunua kompyuta ya mtumba kutoka Tunduma, ikaletwa kwa basi ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi. Miaka ile watu wengi mjini walikuwa wanafungua biashara ndogondogo za namna hiyo. Baba yake, Tadei, alilima mahindi na ulezi huko Kasense, na wakati wa mavuno alilala shambani.

Kompyuta ile ilikuwa na tatizo moja. Kila mteja alikuja na kazi yake ndani ya flashi, na karibu kila flashi ilikuwa na virusi. Leo barua imepotea, kesho mashine imeganda katikati ya kazi, keshokutwa inajizima yenyewe. Wateja walinung'unika. Wengine walianza kwenda kuchapa kazi zao sehemu nyingine.

Siku moja alikuja Mwalimu Zenon, kijana aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini. Alileta diski ya CD na kuichomeka. Kompyuta ilipowaka, kioo kilikuwa cha rangi ya kahawia na kila kitu kilikuwa kigeni. Zenon alieleza kwamba huo ni mfumo huria unaoitwa Linux. Haununuliwi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuurekebisha na kumpa jirani yake, na virusi vile vya kwenye flashi haviwezi kuusumbua.

"Sasa hivi tunaujaribu tu," alisema. "Kompyuta inaendeshwa na diski hii. Kazi zako za zamani hazijaguswa. Siku tukiuweka kabisa, lazima kwanza tunakili kazi zako zote na kuzihifadhi pembeni. Ukirudi safari yako ya Namanyere, Mama Coleta, tutafanya kazi hiyo pamoja."

Kisha alimgeukia Coleta, ambaye alikuwa amesimama karibu muda wote, akamwuliza kama ameelewa. Coleta hakuwa ameelewa vizuri. Hakujua kazi za zamani zinakaa wapi, wala mfumo mpya ungekaa wapi. Lakini rafiki yake Sayi alikuwa mlangoni akiwatazama, naye Coleta hakutaka kuonekana mjinga mbele yake. Alijibu kwamba ameelewa yote.

Mama yake alisafiri siku iliyofuata kwenda Namanyere kumwuguza bibi. Kabla ya kupanda basi alimwagiza Coleta atoe fotokopi tu, asiguse kitu kingine, na ale na kulala kwa Mama Sayi hadi atakaporudi.

Asubuhi ya kwanza kompyuta iliganda. Asubuhi ya pili mteja mmoja alikuja kuchukua barua yake ya maombi ya kazi ambayo mama alikwisha kuichapa. Coleta aliitafuta, lakini virusi vilikuwa vimeiharibu. Yule mtu aliondoka akisema hapo hakuna kazi, kuna ubabaishaji. Coleta aliumia sana. Alitazama diski ya Mwalimu Zenon iliyokuwa juu ya printa. Sayi, aliyekuwa amekuja kumsalimia, naye aliitazama.

"Si ulisema unaujua ule mfumo?" Sayi aliuliza.

"Naujua."

"Basi uweke. Mama yako akirudi akute kompyuta imepona."

Coleta alichomeka diski. Kioo cha kahawia kilipotokea, alibonyeza alama ya kuuweka mfumo. Maswali yalikuja kwa Kiingereza. Aliyajibu moja baada ya jingine kwa kubahatisha, hadi akafika mahali palipokuwa na chaguo kadhaa. Katika la kwanza aliona neno alilolifahamu: diski. Alifikiri ni ile CD aliyoichomeka, kwa sababu Mwalimu Zenon aliiita diski. Hakujua kwamba hata ndani ya kompyuta kuna diski nyingine, kubwa zaidi, na kwamba kazi zote za mama yake zimehifadhiwa humo, wala kwamba chaguo hilo lilikuwa la kuifuta yote. Alibonyeza. Mashine ilimwuliza kama ana hakika, naye akabonyeza tena.

Baada ya muda kompyuta ilijizima na kujiwasha. Iliwaka haraka kuliko siku zote. Sayi alipiga makofi. Coleta alicheka, akaanza kutafuta folda za mama yake ili amwonyeshe rafiki yake jinsi kila kitu kinavyofanya kazi. Akafungua hapa, akafungua pale. Mahali pote palikuwa patupu. Barua hazikuwepo, wala mitihani, wala kadi. Folda iliyomfanya ashike meza kwa mikono miwili ilikuwa ile ya hadithi za Mzee Isdori.

Mzee Isdori alikuwa mwalimu mstaafu. Macho yake yalikuwa yameanza kuzimika, hakuweza tena kuandika. Tangu kipindi cha mvua alikuwa akija jioni, anakaa kwenye kiti karibu na dirisha na kusimulia kwa Kifipa hadithi alizozisikia kwa marehemu mke wake, huku Cornelia akizichapa. Hakukuwa na karatasi mahali popote. Hadithi zile zilikuwa ndani ya kompyuta na kichwani mwa mzee, basi.

"Zimejificha tu," Coleta alimwambia Sayi. "Nitazitoa."

Sayi alimshauri waende chuoni kwa Mwalimu Zenon. Coleta alikataa. Alifikiria jinsi alivyojibu kwamba ameelewa, na jinsi mwalimu angemtazama. Alimsihi Sayi asimwambie mtu, hata Mama Sayi. Sayi hakuipenda ahadi hiyo, lakini aliitoa.

Tangu saa ile chumba ambacho Coleta alikipenda kilianza kumwelemea. Aliweka mfumo upya, akidhani pengine ukiingia mara ya pili utavirudisha vitu vya zamani. Haukurudisha kitu. Alichukua flashi ya Sayi yenye nyimbo akazinakili zote ndani ya kompyuta, ili aone faili zinakwenda kukaa wapi; labda za mama nazo ziko huko. Hazikuwa huko. Akaondoa mfumo, akauweka tena. Alipotaka walau kuchapa ukurasa mmoja, printa ilikataa, na hakujua inamkatalia kwa sababu gani.

Jioni alikuja Mzee Isdori akitembea polepole, mkono mmoja ukigusa ukuta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama amerudi?"

Coleta alimwambia bado. Mzee alieleza kwamba misa ya kumkumbuka mke wake ingefanyika Jumapili. Baada ya misa, wajukuu wangekusanyika nyumbani, naye alitaka mmoja wao awasomee ile hadithi ya msichana aliyepandisha moto kutoka bondeni wakati wa mvua. Aliomba Coleta amchapie hadithi hiyo moja tu.

Coleta alisikia mdomo wake ukisema kwamba wino wa printa umekwisha.

Mzee alimshukuru akaondoka. Siku iliyofuata alirudi. Mjukuu wake mmoja alikuwa amemnunulia wino mjini, naye aliubeba ndani ya mfuko wa koti. Coleta aliupokea, akasema kwamba umeme ni mdogo na mashine haiwaki. Cherehani ya umeme ya Mama Sayi ilikuwa inasikika kutoka chumba cha pili. Mzee aligeuza sikio upande ule, kisha akasema atarudi tena.

Uongo wa kwanza ulikuwa umeomba wa pili, na wa pili ukaomba wa tatu. Coleta hakuweza tena kukaa nje kwenye benchi, kwa sababu kila aliyepita angemwuliza habari za kazi. Kwa Mama Sayi alikula matonge mawili akasema ameshiba. Kila simu ya Mama Sayi ilipoita, alidhani ni mama yake anapiga kutoka Namanyere. Siku mama alipopiga kweli, akauliza kazi inaendeleaje, Coleta alijibu kwamba inaendelea vizuri.

Hatimaye aliacha hata kufungua. Ijumaa aliingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo la ndani, akafunga na dirisha, na kukaa mbele ya kile kioo cha kahawia. Wateja walibisha hodi wakaenda zao. Ndani kulikuwa na baridi na giza, mwanga wa kioo tu ukimpiga usoni. Alitamani kutoka lakini hakujua atoke aende wapi. Nje kulikuwa na watu aliowadanganya, na ndani kulikuwa na mashine isiyomwelewa.

Mchana alisikia hatua anazozifahamu, kisha benchi, ambalo jana yake hakuliingiza ndani, likalia. Mzee Isdori alikuwa amekaa. Mlango wa Mama Sayi ulikuwa wazi, na Coleta alisikia kila neno.

Mama Sayi alimwambia mzee kwamba mtoto hayupo, labda amekwenda sokoni.

"Mimi nafikiri Cornelia amechoka na mimi," mzee alisema. "Nimemsumbua sana tangu mvua zile. Mtu ana kazi zake, kila jioni anakuja mzee na hadithi za Kifipa. Pengine ameona aibu kuniambia, akamwachia mtoto anizungushe. Sitakuja tena. Akirudi, mwambie nimemshukuru."

Coleta alisimama. Kwa siku zote hizo alikuwa amejifikiria yeye: jinsi atakavyochekwa, jinsi atakavyoadhibiwa. Hakuwahi kufikiri kwamba uongo wake ungemfanya mzee ajione mzigo, wala kwamba lawama ingemwangukia mama yake aliyekuwa akiuguza mgonjwa bila kujua lolote. Aliinua komeo akafungua mlango. Mwanga ulimuumiza macho.

"Babu, mama hajachoka na wewe," alisema. "Mama hajui chochote. Ni mimi. Niliweka mfumo mpya kwenye kompyuta, nikafuta kila kitu. Na hadithi zako nimezifuta. Wino haukuwa umekwisha, na umeme ulikuwepo."

Mzee Isdori aligeuza uso wake kuelekea sauti ilikotoka.

"Zote?"

"Zote, babu."

Hakumgombeza. Aliweka mikono miwili juu ya magoti na kuinamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda mrefu, na kwa Coleta hilo lilikuwa gumu kuliko kugombezwa. Sayi alikuwa ametokea mlangoni kwao. Mama Sayi alisimama nyuma yake akiwa na futi ya kupimia shingoni.

"Nani anaifahamu mashine hiyo?" mzee aliuliza mwishowe.

Coleta alimtaja Mwalimu Zenon.

"Basi twende. Nishike mkono, njia ya huko siioni vizuri."

Walimkuta Zenon chuoni akifunga madarasa. Njiani Coleta alikuwa amepanga maneno mengi ya kujitetea, lakini alipomwona aliyaacha yote. Alimwambia kwamba siku ile hakuwa ameelewa, na kwamba alijibu ameelewa kwa kuona aibu. Kisha akasimulia yaliyofuata.

Zenon aliuliza swali moja tu kwanza: kama kompyuta inawaka saa hiyo. Coleta alipojibu ndiyo, walirudi Katandala kwa haraka na Zenon akaizima palepale. Ndipo akamwomba amweleze alichofanya kila siku tangu siku ya kwanza. Coleta alieleza habari ya kuweka mfumo tena na tena, na habari ya nyimbo. Zenon alitikisa kichwa.

"Sikiliza, Coleta. Faili zikifutwa, haziondoki mara moja. Zinakuwa kama maandishi ya chaki ubaoni ambayo mwalimu amesema hayahitajiki tena. Yako palepale, mpaka mtu aandike kitu kingine juu yake. Kila ulipouweka mfumo upya, na kila wimbo ulioingiza, uliandika juu yake. Ungekuja siku ile ya kwanza, huenda ningepata karibu zote. Sasa sijui nitapata nini."

Coleta aliinamisha uso. Alikuwa amedhani kwamba anaficha kosa moja lisilobadilika. Kumbe kosa lenyewe lilikuwa linakua kila siku humo ndani, na yeye ndiye aliyekuwa akilikuza.

Zenon alibeba kompyuta hadi chuoni ili atafute mabaki. Kesho yake, Jumamosi, Coleta alikwenda stendi kumngojea mama yake. Basi la Namanyere lilipofika, alimpokea mama mkoba, akamwuliza hali ya bibi. Mama alisema bibi amepata nafuu. Kabla hawajapiga hatua, Coleta alimwomba asimame kidogo, akamweleza yote hapohapo, katikati ya makondakta na wauza karanga. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ulibadilika, akauchukua mkoba kutoka mikononi mwa Coleta, akatangulia. Jioni mama alitoka peke yake kwenda kumwomba radhi Mzee Isdori, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Jumapili wajukuu hawakuwa na karatasi ya kusoma. Mzee aliisimulia hadithi ya moto mwenyewe, akisimama mara kwa mara kutafuta maneno. Coleta na mama yake walikuwepo, wamekaa mkekani nyuma ya watoto.

Wiki iliyofuata Zenon aliirudisha kompyuta. Alikuwa amepata kama nusu ya hadithi. Chache zilikuwa kamili, nyingi zilikuwa zimekatika katikati, na majina yote yalikuwa yamepotea. Mama aliamua mambo mawili. Mfumo mpya ungebaki, kwa sababu Zenon alisema kweli kuhusu virusi. Na Coleta angekaa na Mzee Isdori kila jioni hadi kila hadithi iliyopotea ichapwe upya.

Haikuwa kazi rahisi. Mama naye alikuwa mwanafunzi katika mfumo ule. Alitafuta vitu mahali vilipokuwa zamani asivione, akakasirika. Coleta alimwonyesha yale machache aliyoyajua, na kwa yale asiyoyajua walimwuliza Zenon wote wawili. Ilionekana kwamba printa haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa haijatambulishwa kwa mfumo, jambo la kubonyeza mara chache. Kila hadithi ilipokamilika waliinakili kwenye flashi mbili, moja ikabaki kwa mama na nyingine kwa mzee.

Kifipa cha Coleta kilikuwa cha mtoto wa mjini. Mwanzoni, mzee alipotumia neno gumu, aliandika chochote kilichofanana nalo akaendelea. Mzee alipoomba asomewe, alicheka, kisha akamkanya. Baada ya hapo Coleta alijifunza kuinua mikono kutoka kwenye kibodi na kusema, "Babu, neno hilo silijui." Mzee alilieleza, wakaendelea.

Hadithi ya mwisho ilikuwa na wimbo katikati. Mke wake aliuimba vizuri, mzee alisema, na Cornelia aliuchapa wote wakati wa mvua. Sasa alijaribu kuuanza mara kadhaa. Ulimjia mstari mmoja, ukampotea mwingine. Alitulia akitazama dirishani ambako hakuona zaidi ya mwanga.

"Umekwenda," alisema. "Siku zile nilikuwa nao. Acha nafasi hapo, mjukuu wangu. Pengine kuna ndugu wa mke wangu anayeukumbuka."

Coleta aliacha nafasi, na machozi yakamtoka akiwa bado ameshika kipanya. Mama yake, aliyekuwa akipanga karatasi, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Kwa majuma hayo yote hakuwa amemwambia neno juu ya jambo lile.

"Sikuwahi kukasirika kwa sababu hukuujua ule mfumo," mama alisema. "Hata mimi siujui. Mtu anayeanza kitu kipya atakosea tu, na kosa la mgeni lina watu wa kulirekebisha. Zenon alikuwa hapo chuoni. Mama Sayi alikuwa ukuta wa pili. Mimi nilikuwa kwenye simu. Ulijifungia humu ndani siku zote hizo peke yako, na wimbo huu ulikuwa unafutika wakati umekaa unaogopa. Siku nyingine ukikosea, toka nje uje useme siku hiyohiyo. Hata kama nitakugombeza, njoo."

"Nitakuja, mama."

Mzee Isdori aliomba asomewe hadithi tangu mwanzo. Coleta alifuta macho kwa mkono wa sweta, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye nafasi ile tupu alinyamaza, na wote watatu wakanyamaza naye, kisha akaendelea na mstari uliofuata.